Mafuta Mekundu ya Mama

Harufu ya nta ya nyuki inapoyeyuka ndani ya mafuta ya nazi si harufu ya chakula, wala si ya manukato. Iko katikati. Ina utamu wa asali iliyokwisha kuondolewa, ina moshi kidogo, na chini yake mna ule uzito wa tui lililochemshwa mpaka likageuka mafuta. Nadhani katika nyumba nyingine za Kisauni watoto waliamshwa na harufu ya mahamri au chai ya tangawizi. Mimi, kwa msimu mmoja mzima nilipokuwa na umri wa miaka tisa, niliamshwa na harufu ya nta. Mama alikuwa akiiyeyusha nyuma ya nyumba yetu, upande wa kuelekea Junda, katika kopo la maziwa aliloliweka ndani ya sufuria ya maji ili lisiguswe na moto. Alichutama mbele yake kanga ikiwa imefungwa kifuani, akikoroga kwa kijiti, na mtu yeyote aliyepita akimsalimu aliitikia bila kugeuza kichwa. Ilikuwa miaka ya vita vikuu vya pili. Sukari ilikuwa shida, mafuta ya taa shida, kitambaa ndicho kabisa. Rangi za mashavu zilizokuwa zikiuzwa katika vikopo vidogo kwenye maduka ya mjini zilikuwa hazionekani tena, na hata zilipokuwapo hazikuwa zimetengenezwa kwa ajili ya nyuso kama zetu. Lakini mama hakuwa akiyapika yale mafuta kwa sababu ya urembo. Alikuwa akiokoa harusi ya mdogo wake.

Mdogo wake huyo, Naomi, alikuwa mama yangu mdogo na kipenzi changu. Aliletwa kutoka Rabai akiwa msichana, akakaa kwetu akimsaidia mama kulima muhogo na kusuka makuti, na jioni akinifundisha kusoma kwa kidole, herufi moja baada ya nyingine. Alikuwa mrefu, mwenye kicheko cha ghafla ambacho kilimfanya baba, mtu mkimya aliyeshona maturubai bandarini, acheke pia kabla hajajua kinachochekesha. Aliposwa na Stefano, kijana wa Changamwe aliyefanya kazi kwenye reli, nyumba nzima ilifurahi. Tangazo la ndoa likasomwa kanisani Jumapili ya kwanza, likasomwa ya pili. Kabla ya kusomwa ya tatu, homa ikampiga Naomi. Ilikuwa malaria ya baada ya mvua, ile inayokuja na baridi jua likiwa utosini. Alitetemeka mpaka kitanda kikalia. Dresa, yule mganga wa zahanati, alikuja akampa kwinini, na baada ya siku nyingi homa ikamtoka, akaanza kula uji, kisha wali, kisha akaanza kuniimbia. Dresa akasema amepona. Lakini uso wake ulikuwa umebaki kulekule alikokuwa. Mashavu yaliingia ndani, na ngozi yake, ambayo kwa kawaida ilikuwa na weusi wenye mng'ao kama wa mbegu ya ukwaju, ilifanya kijivujivu kama iliyopulizwa majivu.

"Homa imemwacha," mama alimwambia baba. "Ni uso tu haujapata habari."

Bahati mbaya habari nyingine zilikwisha kuvuka. Mtu aliyemwona Naomi kisimani alikwenda kusema kwamba msichana ana kifua, ule ugonjwa wa kukohoa damu. Siku zile neno hilo lilitosha kufunga mlango wa nyumba. Lilifika mpaka Chaani, kulekule Changamwe, kwa mama yake Stefano, mjane aliyekuwa na mtoto huyo mmoja tu, na hazikupita siku nyingi akatuma mjumbe. Mjumbe alikuwa mzee mpole aliyekaa barazani akazungusha kofia yake mikononi kwa muda mrefu kabla hajatoa alichotumwa. Alisema mama mkwe hana ugomvi na mtu. Atakuja siku ya harusi kama ilivyopangwa. Atamtazama msichana kwa macho yake mwenyewe, na akimwona ni mgonjwa, atamchukua mwanawe na suti yake warudi nyumbani. Mama alimweleza habari za malaria na za dresa. Mzee aliitikia kwa kichwa, akasema ataufikisha ujumbe, lakini niliona kwamba hakuamini. Naomi alikuwa ndani, nyuma ya pazia, na alisikia yote. Siku ile hakuniimbia.

Mtu atasema, basi si wampake rangi tu, ahudhurie harusi yake? Hapo ndipo palipokuwa na kigingi. Kanisani kwetu bibi harusi hakuruhusiwa kuwa na rangi usoni. Poda na mashavu mekundu vilihesabiwa kuwa mambo ya vilabu vya mjini, na aliyesimamia sheria hiyo alikuwa Mama Yakobo, mkubwa wa umoja wa kina mama. Alikuwa mwanamke mnene, msafi kupita kiasi, mwenye sauti ya chini ambayo hakuhitaji kuipandisha. Kila bibi harusi alipita mbele yake katika chumba cha nyuma cha kanisa. Mama Yakobo aliutoa mfukoni mkebe mdogo wa maji na kitambaa cheupe, akakilowesha, akampangusa msichana shavu hili na shavu lile. Kitambaa kikitoka na rangi, harusi ilisubiri mpaka uso uoshwe kwa sabuni, na mpakaji alitengwa na Meza ya Bwana, asipokee mkate wala divai. Nilikwisha kumwona bibi harusi mmoja akiingia kwenye ndoa na macho yaliyovimba kwa kilio na povu la sabuni nyuma ya sikio. Sisemi kwamba Mama Yakobo alikuwa mbaya. Ndiye aliyemkeshea Naomi usiku mbili wakati wa homa. Aliamini tu kwamba uso aliopewa mtu na Mungu hauna haja ya kuongezwa neno.

Mama aliwaza siku nzima. Jioni akamwambia Naomi: "Mimi sitakuongezea kitu. Nitakurudishia ulichokuwa nacho. Mama Yakobo akiniuliza, nitamwambia kweli. Asiponiuliza, sina la kusema."

Kazi hiyo hakuizua hewani. Alipokuwa msichana alikuwa akimtwangia na kumchotea maji Bi Zena, jirani yetu Mwislamu, mpambaji wa maharusi aliyejulikana Kisauni kote. Kwa Bi Zena alijifunza kusaga liwa, ule mti wa harufu, juu ya jiwe, kupika wanja, kuweka hina ikashika. Lakini Bi Zena alipamba ili kazi ionekane. Bibi harusi wake alitoka aking'aa kama malkia. Mama alitaka kazi isionekane. Hilo hakuna aliyekuwa amemfundisha.

Alianza na zingefuri, zile mbegu nyekundu zinazofungwa ndani ya ganda lenye manyoya, ambazo mti wake ulijiotea kando ya kisima chetu. Alizisugua kwenye mafuta ya nazi ya moto mpaka mafuta yakawa rangi ya machungwa, akachuja kwa kitambaa, akatia nta ili yagande. Yalipopoa alimketisha Naomi uani akampaka. Nilikuwa nimesimama na ndoo, na nasikitika kusema kwamba nilicheka. Mama yangu mdogo alikuwa na madoa mawili mashavuni kama chungu kipya ambacho mfinyanzi amekishika kabla hakijakauka. Naomi alijitazama kwenye kioo cha baba cha kunyolea, akakilaza kifudifudi juu ya mkeka, akaingia ndani. Mama hakunigombeza. Alitazama vidole vyake vilivyokuwa na rangi, kisha akanitazama mimi.

"Mbeyu."

"Abee, mama."

"Tua hiyo ndoo. Kimbia mpaka kwenye mkorosho wa jirani, kina Rebeka, urudi. Kimbia kweli."

Nikakimbia. Niliporudi nahema, alinishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga, akanikazia macho kwa muda ambao nilidhani nimekosea kitu. Akaniambia nipumzike, halafu nikimbie tena. Nilikimbia mara nne adhuhuri ile. Ya mwisho alimwita Naomi naye aje atazame. "Unaona?" akamwambia. "Weupe wakikimbia wanakuwa wekundu. Sisi hatuwi wekundu. Sisi tunaiva." Akaonyesha kwa kidole, bila kunigusa: weusi unazidi kina juu ya mfupa wa shavu, unakuwa wa moto kama hudhurungi iliyochanganyika na zambarau, kisha unapanda kuelekea kwenye panja na kupotea taratibu, mtu asijue umeishia wapi. Kidogo huonekana kwenye ncha ya pua na kwenye ndewe za masikio. Kwenye duara la shavu, pale alipokuwa amepaka yeye, hapakuwa na kitu. Mpaka leo sijapata mwalimu aliyenifundisha kutazama kama alivyonifundisha mama siku ile, na mimi ndiye niliyekuwa kitabu.

Ikabaki kupata ile hudhurungi. Alijaribu maganda ya mikoko, yakawasha. Alijaribu majani ya hina, rangi yake ikagoma kutoka ngozini hata kwa jivu. Ufumbuzi ulikuja kwa Bi Zena, ambaye tulikwenda kumwamkia alasiri moja tukamkuta akitafuna tambuu. Baada ya shikamoo na marahaba mama alimweleza shida yake. Bi Zena alisikiliza, akatema pembeni, akapangusa midomo kwa kidole, na kile kidole kikabaki na rangi. Mama akakitazama.

"Bi Zena, hiyo ni nini?"

"Hii? Katu, mwanangu. Ya kulia tambuu." Akajitazama kidole, akamtazama mama, akaanza kucheka. "Wallahi, una mato wewe! Miaka arubaini napamba watu, na hii naila tu."

Tukarudi na vipande vya katu vimefungwa kwenye jani la mgomba. Mama alikisaga kipande kimoja kwenye jiwe mpaka kikawa laini kuliko unga wa ngano, akachekecha kwa kitambaa cha kilemba, akachanganya na yale mafuta ya zingefuri. Ile rangi ya machungwa ikazama. Ndani ya kopo mlikuwa na kitu cha rangi ya damu iliyokauka, kizito kama samli asubuhi, na ukikiweka juu ya mkono kinayeyuka kwa joto la ngozi yenyewe. Hakupenda kukiita rangi. Alikiita mafuta mekundu.

Kipimo kilikuwa mimi. Mama alisema ngozi yangu na ya Naomi ni moja, na kwamba watoto hawana adabu ya kunyamaza, kwa hiyo wakikosa kuona kitu basi hakipo. Jumapili ya kwanza alinipaka nikaenda darasa la watoto. Hata sijaketi, mvulana mmoja aliniuliza kama nimejifuta uso kwa mkono wa mchuzi. Nikarudi nyumbani nikilia, na mama akaniuliza bila huruma yoyote ni shavu gani waliloliona kwanza. Alikuwa amepaka mengi mno. Jumapili ya pili alipunguza, lakini mpaka wake ulikuwa mkali, na mwalimu wetu akaniwekea mkono kwenye paji la uso akaniuliza kama nina homa. Jumapili ya tatu nilikaa mstari wa mbele. Niliimba, nikajibu maswali, nikagombania ubao na rafiki yangu, na hakuna aliyesema neno. Tulipokuwa tukitoka, mwalimu akanigusa bega. "Mbeyu, leo umechangamka. Umekula nini?" Nilikimbia njia nzima kwenda kumwambia mama. Alikuwa akitwanga. Aliuacha mchi ndani ya kinu, akakaa chini, akajifunika uso kwa kanga, na mabega yakamtikisika. Mpaka aliponifunulia sikujua kama analia au anacheka.

Siku ya harusi aliamka alfajiri. Hakumpaka Naomi ndani kwa taa, kwa sababu alisema taa inadanganya. Alisubiri kuche, akamketisha mlangoni, uso umeelekea nje. Alimwosha kwa maji ya vuguvugu, akamkausha, akampaka mafuta mepesi ya nazi akangoja yanywewe na ngozi. Kisha akachovya kidole cha pete, kile ambacho alisema ni kivivu na kwa hiyo hakikandamizi, akachota kiasi cha punje ya mtama, akakisugua kidole hicho na mwenzake wa mkono wa pili mpaka mafuta yakalainika. Alimwambia Naomi atabasamu, halafu aache. Akaanza juu ya mfupa, akigonga, hasugui, kidogo kidogo, akipanda kwenda kwenye panja. Kilichobaki kidoleni, ambacho mimi sikukiona tena, ndicho alichogusia pua na ndewe. Kisha akachukua kitambaa kikavu, akabonyeza pembezoni. Alirudi nyuma hatua tano, akatazama. Akarudi hatua kumi, akatazama. Akaongeza shavu la kushoto, mara moja tu. Nilikuwa nimeshika kopo kwa mikono miwili. Mbele yangu alikuwa amekaa mama yangu mdogo, yule wa kabla ya homa, yule wa kicheko cha ghafla. Alijitazama katika kioo cha baba. "Dada," alisema, "nimerudi." Mama alimwambia asilie, ataharibu.

Katika chumba cha nyuma cha kanisa tulikuwa watu wanne: Naomi, mama, mimi niliyeshika ncha ya shela, na Mama Yakobo na kitambaa chake. Alikilowesha. Alimshika Naomi kidevu, akamgeuza dirishani. Mkono wenye kitambaa ulipanda. Kisha ukasimama. Mama Yakobo aliutazama uso ule ambao wiki chache nyuma alikuwa akiupangusa jasho la homa, akaugeuza upande wa pili, na macho yake yakajaa machozi. "Mungu ni mwema," alisema. Akakikunja kitambaa akakirudisha mfukoni. Mama hakuulizwa, na hakusema. Lakini nilimwona ameinamisha macho, na hakuwa na furaha niliyoitazamia.

Mama yake Stefano alikuwa amekaa benchi la kwanza, mwembamba, wima, mikono imefumbatwa. Naomi alipoingia alimtazama kama mtu anayenunua kitu asichokiamini. Alimtazama wakati wa wimbo, akamtazama wakati wa sala wengine wakiwa wamefumba macho. Najua kwa sababu nami sikufumba. Mchungaji aliposema kama kuna mtu mwenye kizuizi na aseme sasa, kanisa lote likamgeukia mama yule. Aliendelea kumtazama Naomi. Wakaoana.

Ingeweza kuishia hapo, na ningekuwa na hadithi ya mama mwerevu. Lakini karamuni, kwetu uani, watu wakiwa wamekwisha kula pilau, Rebeka wa jirani alipita na birika la chai. Alikuwa na miaka kumi na sita, na alikuwa amejipaka poda, poda ya mtu mwingine, nyeupe, isiyomkaa. Mama Yakobo alimsimamisha mbele ya wote. Kwa sauti yake ile ya chini alimwambia aweke birika, amtazame bibi harusi. "Tazama uso ule," alisema. "Hauna rangi wala poda. Hivyo ndivyo anavyokuwa msichana aliyejitunza. Nawe, je? Nenda ukanawe, na usirudi mbele za watu leo." Rebeka aliweka birika chini. Wanawake walitazama sahani zao.

Mama alikuwa amebeba sinia. Alilitua.

"Mama Yakobo," alisema, "mwache mtoto. Naomi nimempaka mimi."

Mama Yakobo alisema mama anatania. Mama akasema hatanii: ni nta, mafuta ya nazi, zingefuri na katu, na kopo liko ndani akitaka kuliona. "Hukuniuliza, nikanyamaza. Hilo ni kosa langu. Lakini siwezi kukaa kimya mtoto wa watu akifukuzwa kwa kazi ya mkono wangu." Kisha akageuka, na hili ndilo lililohitaji moyo zaidi, akamkabili mama yake Stefano. "Na wewe, mama, umekuja kuona kwa macho yako. Haki yako uone." Akaingia ndani, akatoka na karai la maji na taulo, akapiga magoti mbele ya mdogo wake, na mbele ya watu wote akamwosha uso.

Sitasema kwamba uso ulibaki vilevile. Ulififia. Mashavu yalirudi kuwa membamba, na ule ujivu, ingawa ulikuwa umepungua, ulionekana. Naomi alikaa amenyooka, maji yakimtiririka shingoni mpaka kwenye gauni, mkono wake umo ndani ya mkono wa Stefano, ambaye hakuuachia. Mama mkwe aliinuka. Alimwendea, akainama, akamvuta kope ya chini kwa kidole gumba kama afanyavyo dresa, akamwambia apumue kwa nguvu, akaweka sikio kifuani pake. Aliposimama, alimtazama mama yangu aliyekuwa bado amepiga magoti.

"Kifua ni kizima," alisema. "Amekonda tu. Nitamlisha." Halafu akaongeza: "Mtu aliyekuwa anataka kunidanganya asingeleta maji." Akamshika mama mkono, akamwinua.

Rebeka alilichukua birika akaendelea kugawa chai.

Mama aliitwa mbele ya wazee wa kanisa wiki iliyofuata. Alikwenda na nguo yake ya Jumapili, na mimi nikamngoja nje. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto, nikasikia. Waliomba atubu na aahidi kutorudia. Akasema: "Kwa kuficha, nisameheni, na nimekwisha kumwomba Mungu. Kwa kazi yenyewe, siwezi kutubu jambo ambalo sioni ubaya wake." Walimtenga na Meza ya Bwana. Miezi minne tulikaa benchi la nyuma kabisa, na wengine walipokwenda mbele kupokea, yeye alibaki ameketi, mgongo haukugusa ubao. Mara ya kwanza nilikaa peke yangu pamoja naye, nikiona aibu. Mara ya pili Rebeka alikuja akaketi nasi. Mara ya tatu akaja mama yake Rebeka. Kufika mwezi wa nne lile benchi lilikuwa limejaa mpaka mimi nikawa nabanwa.

Ndipo alasiri moja Mama Yakobo alipokuja kwetu, peke yake, jua kali. Alipewa kiti, akapewa maji, akayanywa yote. Akasema, "Nionyeshe." Mama alileta kopo, akamweleza kila kilichomo na jinsi kinavyopikwa, akampaka kidogo nyuma ya mkono. Mama Yakobo aliupeleka mkono juani, akausogeza karibu na macho, akausogeza mbali.

"Haionekani," alisema.

"Ndiyo kazi yenyewe," mama akajibu.

Hakuomba radhi, wala mama hakumdai. Walizungumza habari za muhogo na za mvua. Lakini Jumapili iliyofuata mama aliitwa mbele kupokea pamoja na wengine, na katika harusi iliyofuata Mama Yakobo hakutoa kitambaa. Tangu hapo mama alipamba maharusi kwa zaidi ya miaka thelathini. Walikuja kumchukua kutoka Likoni, kutoka Changamwe, Wakristo kwa Waislamu, na Bi Zena mwenyewe, alipozeeka na mikono ikamtetemeka, alimkabidhi jiwe lake la kusagia. Naomi alilishwa na mama mkwe wake mpaka akanenepa kupita sisi sote, akazaa sita, akafa mzee sana, akicheka.

Mimi mwenyewe sasa ni nyanya wa watu. Mwezi uliopita mjukuu wangu mmoja, anayejiandaa kuolewa, alinipeleka katika duka kubwa la vipodozi upande wa Nyali. Nilishangaa, sitaficha. Ukuta mzima ni mashavu: vikopo, vijiti, vichupa, kila rangi ya mtu aliyeumbwa. Sikuona uchungu. Nilifurahi kwamba mjukuu wangu anaweza kuingia dukani akakuta uso wake umefikiriwa, na kwamba hakuna anayemngoja kanisani na kitambaa. Msichana wa duka alikuwa na adabu. Aliniletea kiti, akafungua kikopo kimoja, akampaka mjukuu wangu kwa kidole cha pete, akigonga, hasugui, juu ya mfupa. Ilikaa vizuri.

"Hii ni mpya, nyanya," aliniambia. "Imetoka ng'ambo. Wamegundua kwamba sisi weusi haitufai ile nyekundu tupu, lazima itiwe hudhurungi."

Nikamwuliza wamegundua lini.

"Miaka mitano, sita hivi."

"Basi wamechelewa, mwanangu," nilimwambia. "Vuta kiti nikwambie habari za mama yangu."